Umeme wa Mchana

Jioni ile foleni ya ndoo ilitoka nje ya mlango wa mashine ya kusaga, ikapinda kufuata ukuta. Mawingu yalikuwa yameufunika mji wiki nzima, na kila mtu alikuwa amengoja manyunyu yapungue ndipo atoke na mahindi yake. Mama Unga alikuwa amesimama juu ya kijukwaa chake cha mbao, kilemba amekikaza hadi kwenye paji la uso, anamimina mahindi kwenye mdomo wa mashine huku jicho moja likilinda mfuko wa kitambaa uliokuwa unatapika unga kule chini. Nyusi zake nyeupe, kope zake nyeupe, hata vinyweleo vya mikono vyeupe. Jina lake halisi lilikuwa limeshasahauliwa mtaani, na yeye mwenyewe ukimwita kwa jina hilo angeweza asigeuke.

Walikuwa wanacheka. Mwanamke mmoja alikuwa anasimulia jinsi mumewe alivyokwenda kununua kiberiti akarudi na redio, na Mama Unga alikuwa anapandisha sauti juu ya mngurumo ili aulize kama hiyo redio ilikuwa na betri. Hapo ndipo mota ilipoanza kulegea. Sauti yake ilishuka polepole, ikawa kama ya mtu anayepanda mlima na gunia mgongoni. Balbu ikawa nyekundu kama kaa.

"Umeme mdogo huo," alisema, akateremka ili azime kabla mota haijaungua.

Alikuwa bado hajaifikia swichi mlipuko uliposikika kwenye kona, mzito, kama mlango wa chuma uliobamizwa. Giza likaingia. Harufu ya mafuta yaliyoungua ikafuata.

"Transfoma," mtu alisema. "Hiyo imekwenda."

Watu wakainua ndoo zao mmoja mmoja. Yule ambaye mahindi yake yalikuwa tayari ndani ya mashine alibaki, akamulika kwa simu, na Mama Unga akamchotea kwa viganja, unga na chenga vikiwa vimechanganyika. Hakumtoza. Mwanamke aliangalia ndani ya ndoo, akafungua mdomo kama anayetaka kusema neno, kisha akasema ahsante.

Asubuhi jua lilitoka kama halijawahi kukosekana. Kabla saa ya chai haijapita, mtaa mzima ulikuwa na umeme, isipokuwa nyumba chache ambazo ungeweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na mojawapo ni ya Mama Unga.

Paa za mtaa ule zilikuwa zimevaa vioo vyeusi, moja baada ya nyingine, katika muda usiozidi miaka mitatu. Aliyezivalisha alikuwa mkwe wake mwenyewe, mume wa binti yake wa pekee, ambaye watu walimwita Fundi Jua. Alikuwa kijana wa adabu, mchapakazi, na kwenye harusi yake alilia kuliko bibi harusi. Angemfungia mama mkwe wake paneli bila kumtoza hata senti, na alishalisema hilo mara nyingi. Shida zilikuwa mbili. Ghorofa la Bwana Misumari, muuza vifaa vya ujenzi, lilisimama kando ya nyumba ya Mama Unga na kuifunika kivuli kuanzia saa nne mpaka jua linapochoka. Na hata bila ghorofa hilo, mota ya kusagia ilitaka nguvu ambayo paa lake dogo lisingeitoa hata lingefunikwa vioo hadi kwenye mabomba ya maji ya mvua.

Alimpelekea jirani simu yake ili amchajie. Mtoto wa kike alitoka, akaipokea, akaingia nayo ndani, akarudi nayo.

"Mama anasema betri leo ni ya kwetu tu, haijajaa vizuri."

"Mwambie hakuna neno, mwanangu," alisema Mama Unga, na akairudisha simu kwenye mfuko wa gauni kana kwamba alikuwa ameileta matembezi tu.

*

Siku iliyofuata kampuni ya umeme ilimleta mhandisi, msichana wa rika la binti yake, amevaa kofia ngumu iliyomzidi kichwa. Alikuja na fundi wa nguzo, mwanamume mfupi mwenye ngazi. Fundi alipanda, akachungulia, akashuka akitikisa kichwa. Mhandisi akaingia kwenye chumba cha mashine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmetuletea transfoma?"

"Nimekuja kuangalia kwanza."

"Na umeonaje?"

Msichana alivua kofia. Alikuwa na uso wa mtu ambaye amefundishwa kutoa habari mbaya lakini hajaizoea kazi hiyo. "Mama, laini hii mchana hainunui kitu. Jua likiwa kali, nyumba za hapa ndizo zinazotusukumia umeme sisi. Balbu zako haziungui mchana?"

"Zinaungua. Nilidhani ni za bandia."

"Ni umeme mwingi usio na pa kwenda. Halafu yakija mawingu ya wiki nzima, betri za watu zinakauka, na jioni wote wanarudi kwetu kwa pamoja. Taa, pasi, friji. Na hizo betri zenyewe zinanyonya hapo hapo. Transfoma ilikuwa imezeeka. Imebebeshwa kwa jioni moja mzigo ambao haijauona mwezi mzima."

"Mimi nanunua kila siku. Mvua, jua, nanunua. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea popote, mama."

Jibu hilo lilimkata maini kuliko kama angetajiwa kosa. Kosa mtu huliomba radhi.

Mhandisi akaeleza yaliyobaki. Ofisi ilikuwa tayari kufunga transfoma ndogo, ya kuwatosha wale wachache waliobaki kwa taa na friji. Mota ya kusagia isingewaka nayo. Kama walitaka kubwa, basi zaidi ya nusu ya nyumba za mtaa zikubali kwa maandishi kubaki kwenye laini na kulipa ile ada ya mwezi, watumie wasitumie.

"Ada mmeipandisha tena juzi," alisema Mama Unga.

"Imepanda kwa sababu watu wanatoka. Nguzo na nyaya ni zile zile, wa kuzilipia wamepungua."

"Na watu wanatoka kwa sababu imepanda."

Msichana alitabasamu bila furaha. "Ndivyo."

"Sasa mimi ninayebaki ndiye ninayelipia waliokimbia."

"Ukweli ni huo, mama. Nikuambie vingine nitakuwa nakudanganya."

Walipokwenda, Mama Unga alikaa juu ya kijukwaa na kuitazama mashine. Haikuwa na hitilafu yoyote. Mkanda mzima, mawe yamenolewa karibuni, mota imepakwa grisi. Alitamani iwe imeharibika. Kitu kilichoharibika anaitwa fundi.

*

Akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Bwana Misumari alimpokea kwenye kaunta ya duka na hakumkaribisha kiti. Alimsikiliza huku anapima misumari ya inchi tatu, akamwuliza mteja kama anataka na bawaba, akahesabu bawaba, akarudi kwake.

"Umesema nini, Mama Unga?"

Akarudia kutoka mwanzo, mbele ya mteja.

"Mimi umeme wa kampuni sinunui tena. Nina wangu," alisema Bwana Misumari.

"Na siku za mawingu? Nilikuona jioni ile, ulikuwa gizani kama sisi."

"Fundi Jua ameshaniambia niongeze betri moja." Kisha akamtazama kwa udadisi. "Kwani mkweo yeye amekubali kurudi kwenye laini?"

"Bado sijamfikia."

"Anzia kwa huyo. Mwenye kutuuzia jua akirudi kwenye nguzo, nami nitafikiria."

Nesi mstaafu, aliyeishi peke yake nyumba ya tatu, alikubali kabla hajamaliza kusikiliza. Alikuwa na dawa ya sukari kwenye friji, na wiki ile ya mawingu betri yake ilipokauka alikuwa ameifunga kwa kitambaa chenye maji akakesha akikigeuza. Lakini wengine wote, waliomkaribisha ndani na waliomwacha mlangoni, waliocheka naye na waliotazama saa, waliishia kwenye swali la Bwana Misumari. Fundi Jua anasemaje? Kwenye lango la Fundi Jua kulikuwa na kibao cha rangi ya njano kilichosomeka: NYUMBA HII HAINA BILI. Kibao hicho kilikuwa kimeuza betri nyingi kuliko mdomo wa mtu yeyote.

Alirudi nyumbani miguu imemvimba. Mumewe alikuwa kitandani upande wa dirisha, ambako alikaa tangu kiharusi kilipomchukua upande mmoja wa mwili. Zamani aliendesha malori ya masafa marefu na mtaa ulimwita Dereva. Mkono na mguu vilikuwa vimelala, lakini ulimi ulibaki mzima.

"Wamekubali?" aliuliza.

"Wote wananituma kwa mkwe."

"Basi nenda kwa mkwe."

"Niende nikampigie magoti kijana niliyemwozesha binti? Nikae kwenye kochi lake niombe?"

"Ningekwenda mimi," alisema Dereva. "Lakini nikienda, itafika nusu yangu tu."

Alicheka, ingawa hakutaka. Akamgeuza ubavu, akamwekea mto mgongoni, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Nje, feni ya jirani ilikuwa inazunguka dirishani.

"Mashine ikifa," alisema mumewe kwa sauti ya chini, "si sisi tu. Utakaa humu ndani unanitazama mimi kutwa. Utanichukia."

"Usiseme maneno hayo."

"Nasema nikiwa bado naweza."

*

Binti alimpokea mama yake kwa kumkumbatia muda mrefu kuliko kawaida, maana habari ilikuwa imeshamfikia. Sebuleni kulikuwa na baridi nzuri. Alipewa maji yenye barafu, na glasi ikatoa jasho mkononi mwake. Fundi Jua alizima televisheni, akakaa kwenye ukingo wa kochi la mbali, mikono katikati ya magoti, macho chini, kama inavyompasa mkwe.

"Mzee anaendeleaje, mama?"

"Anakusalimu. Mwanangu, sitazunguka. Nimekuja kukuomba."

Akamweleza. Kijana alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akakisugua kidole gumba kwa kidole cha shahada.

"Mama, unaniweka pagumu. Mimi nina vijana nawalipa kila mwisho wa mwezi, na wote wanakula kwenye kile kibao cha langoni. Nikirudisha waya wa kampuni kwenye nyumba hii, kesho mji mzima utasema Fundi Jua mwenyewe haliamini jua. Ningekuwa na njia nyingine ya kukusaidia, ningeshaifanya. Naweza kukununulia mashine ndogo, ya jua, niiweke hapa kwangu, uwe unakuja..."

"Mwambie mama kuhusu wiki ile," alisema binti kutoka mlango wa jikoni.

Fundi Jua akanyanyua kichwa.

"Mwambie tulikaa gizani. Mwambie na friji ilivyozima."

"Betri zilikuwa chini kidogo. Ni kawaida."

"Basi mwambie ule waya ulitoka wapi."

Mama Unga aliitazama glasi yake ili asimtazame mkwe wake. Hakutaka kujua, na alikuwa ameshaelewa. Nyuma ya nyumba ile palikuwa na kibanda cha mshona viatu, mmoja wa wale wachache waliokuwa bado wananunua umeme wa laini.

"Alikuwa ananiazima umeme," alisema Fundi Jua hatimaye. Masikio yake yalikuwa yamewiva. "Siku chache tu. Usiku, watu wasione."

"Mimi sikuja kukuaibisha, mwanangu," alisema Mama Unga.

"Najua, mama."

Alisaini palepale, kwenye meza ya kioo. Binti hakuja kukaa nao. Alipomsindikiza mama yake hadi langoni, alipita karibu na kile kibao bila kukitazama.

"Leo atanisema," alisema.

"Ungenyamaza."

"Ningenyamaza halafu nikutazame ukirudi mikono mitupu?"

*

Kikao kilifanyika Jumamosi alasiri kwenye baraza la Bwana Misumari. Jina la Fundi Jua lilikuwa limefungua milango, na waliokuja walizidi viti. Mhandisi alikuja na kofia yake. Mama Unga alikuwa ameoga akajisugua hadi masikioni, na watu wawili walimpita bila kumtambua kwa sababu alikuwa na rangi yake.

Mambo yalikwenda vizuri kiasi cha kumtia hofu. Nyumba baada ya nyumba zilikubali. Kisha Bwana Misumari akasimama.

"Mimi nakubali. Lakini tuseme yote, tusifichane. Ile mota ya Mama Unga ikiwaka jioni, taa zangu zinapepesa. Sasa tuchukulie mawingu yamerudi, betri zetu zote zinanyonya, na mashine nayo inasaga. Si tutaiua na hii mpya? Na tukiiua hii, ofisi itatuletea nyingine?"

"Haitaleta," alisema mhandisi kwa upole.

Minong'ono ikapita barazani. Fundi Jua akainua mkono. Tangu siku ile ya sebuleni alikuwa hajamtazama mama mkwe wake usoni, na sasa alimtazama, kwa macho ya mtu aliyepata namna ya kulipa wema.

"Kuna njia," alisema. "Mchana paneli zetu zinatoa umeme mpaka unamwagika. Betri zimejaa, hakuna wa kuutumia. Mama asage mchana. Jioni azime. Hakuna taa itakayopepesa, na transfoma itapumua."

Uso wa mhandisi ukachangamka kama aliyewashiwa taa. Hicho ndicho ofisi ilichokuwa inakitafuta, alisema, mtu wa kuutumia umeme wa mchana kwenye laini za namna hii. Kulikuwa na bei maalumu ya mchana, nafuu sana. Angemwandikia yeye mwenyewe.

Watu wakapiga makofi. Mama Unga alingoja yaishe.

"Mchana wateja wangu wako makazini," alisema. "Wanapata nafasi jioni."

"Wataacha ndoo asubuhi," alisema mtu, "wachukue wakirudi."

"Watu hawapendi kuacha mahindi yao. Wanasimama wayaone yanavyoingia na yanavyotoka."

"Watakuzoea. Nani asiyekuamini wewe?"

"Mchana namlisha mzee. Namgeuza, namwogesha. Mashine ikiwaka siwezi kutoka."

Nesi mstaafu akasema, kwa moyo mweupe kabisa, "Mimi nipo, jirani. Mzee nitamwangalia mimi." Mwingine akasema na yeye atapokea zamu. Mwingine akasema atatuma chakula.

Mama Unga aliwatazama. Alitafuta uso mmoja wa kugombana nao, hakuuona. Kila mlango aliouelekea alikuta mtu mwema ameushika kwa nje. Alikuwa amewaomba umeme, wamempa umeme. Angesema nini kingine mbele ya watu, kwamba anataka na jioni zake?

"Nashukuru," alisema, na akasaini masharti.

*

Transfoma mpya ilikuwa ya kijivu na haikutoa hata mlio. Mama Unga akaanza kusaga mchana.

Chini ya mabati, saa ambazo jua liko utosini, chumba cha mashine kilikuwa tanuri. Unga ulimganda kwenye jasho ukawa kama ngozi ya pili. Ndoo zilipangwa ukutani, kila moja imefungwa kitambaa cha rangi yake, na wenyewe hawapo. Alisaga ya kitambaa chekundu, akafunga, akasaga ya bluu, akafunga. Hakukuwa na mtu wa kumsimulia lolote. Mwanzoni alikuwa anaimba, kisha akagundua kwamba anajisikia mwenyewe, akaacha.

Jioni watu walikuja kuchukua ndoo zao kwa haraka, kama wanaochukua nguo kwa dobi. Mmoja akasema unga wake si ule, wake ulikuwa mweupe zaidi. Mwingine hakusema kitu, ila juma lililofuata hakuleta ndoo, na Mama Unga akasikia kwamba sasa anavuka barabara kubwa kwenda kwenye mashine ya dizeli. Baadaye walivuka na wengine. Bei ya mchana ilikuwa nafuu kweli, mhandisi hakudanganya. Ilibaki kupatikana cha kusaga.

Nesi mstaafu alikuja siku za mwanzo na kitabu chake na miwani yake. Kisha magoti yake yakaanza kumsumbua, akaja siku moja moja, akaomba radhi kila alipokosa mpaka Mama Unga akaona afadhali amwambie apumzike. Chakula cha Dereva kikawa kinafika alasiri, kimepoa. Hakulalamika. Siku moja alimtazama mkewe akijipangusa kwenye beseni na kusema:

"Wamekupa umeme, wakakunyima watu."

"Kula."

"Nakula. Nasema tu."

*

Mwanamke alikuja jioni moja jua likiwa limeshazama, taa za mtaa mzima zikiwa zimewaka. Alikuwa na mtoto mgongoni, na mikono yake ilikuwa na saruji iliyokauka hadi kwenye viwiko. Mama Unga hakumfahamu. Alikuwa ameshika kindoo cha rangi, cha lita nne, na mahindi hayakufika hata nusu.

"Shikamoo, mama. Nimeambiwa hapa kuna mashine."

"Marahaba. Ipo, lakini jioni haisagi. Lete asubuhi, kesho jioni uchukue."

"Asubuhi naondoka gizani."

"Vuka barabara, kuna ya dizeli."

"Nimetoka huko. Wamesema mafuta yamekwisha." Alisema bila kulalamika, akamweka mtoto vizuri mgongoni. "Haya, mama. Ahsante."

Aligeuka kwenda zake. Hakuwa amebembeleza, na kama angebembeleza ingekuwa rahisi zaidi kumkatalia. Mama Unga alimtazama mgongo, na kichwa cha mtoto kikiyumba kwa usingizi au kwa njaa.

"Leta hapa," alisema.

Alipobonyeza swichi, mtaa wote ulipepesa mara moja, kama mtu aliyepulizwa machoni. Mashine ikapata mwendo. Mama Unga alipanda kijukwaani na kumimina yale mahindi polepole, asipoteze hata punje, na yule mwanamke akasimama pale pale walipokuwa wakisimama wote zamani, akitazama yakiingia.

"Wa kwanza huyo?" Mama Unga aliuliza kwa sauti juu ya mngurumo, akimwonyesha mtoto kwa kidevu.

"Wa tatu. Wale wengine wako nyumbani wananingoja."

"Anafanana na nani?"

"Na baba yake. Hata kukoroma anakoroma kama yeye."

Mama Unga alicheka. Alikuwa hajacheka ndani ya chumba kile tangu transfoma ya kwanza ilipokufa. Hakuiharakisha mashine. Alipomaliza aliukung'uta mfuko, akafunga kindoo, akakataa malipo, na alipoinua macho mkwe wake alikuwa mlangoni.

Fundi Jua alimpisha yule mwanamke apite. Alikuwa amekuja mbio. Kandambili zilikuwa za mkewe.

"Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana."

"Bwana Misumari ameshanipigia. Na wengine. Mimi ndiye niliyesimama mbele yao nikasema utazima jioni. Sasa niwaambie nini?"

"Waambie nilikuwa nasaga."

Kijana alitazama sakafu, kisha mota, kisha sakafu. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mtu anayeomba yeye. "Watasema umeanza. Leo mmoja, kesho kumi. Mama, nisaidie na mimi."

Mama Unga alivua kilemba, akakikung'uta. Alitaka kumwambia kwamba kweli, kesho wangekuja kumi, na angewasagia wote. Badala yake alimwambia ampelekee binti kandambili zake.

*

Hawakumgombeza. Bwana Misumari alikuja mwenyewe, na safari hii ni yeye aliyetafuta kiti. Alisema wanamwelewa, moyo wa huruma haufungwi kwa kamba, na ndiyo maana wameona wamwondolee mzigo wa kukataa watu. Ofisi ilikuwa na kisanduku chenye saa ndani yake. Kikifungwa kwenye mita, mota inapata umeme mchana na inakatwa jioni yenyewe. Taa za nyumbani hazitaguswa. "Mtu akija, huna haja ya kumwambia hapana," alisema. "Kisanduku ndicho kitasema."

Fundi wa nguzo alikuja asubuhi iliyofuata na ngazi yake. Mita ilikuwa juu, karibu na mabati, na chini yake sakafu ilikuwa laini kwa unga wa miaka.

"Nishikie ngazi, mama. Hapa panateleza."

Mama Unga alishika ngazi kwa mikono miwili na kuikandamiza kwa goti. Kutoka chumba cha pili, Dereva aliuliza nani anagonga. Hakumjibu. Vumbi la ukuta lilimwangukia kichwani, na fundi akasema pole, akaendelea kutoboa. Alikuwa mtu wa kazi safi. Alifunga kisanduku, akakaza skrubu, akaunganisha waya, akaweka kufuli ndogo ya madini ya risasi ambayo mtu wa ofisi peke yake angeweza kuifungua.

"Tujaribu," alisema kutoka juu. "Nimeisogeza saa mpaka jioni. Hebu washa."

Mama Unga aliiachia ngazi, akaenda kwenye swichi, akabonyeza. Mashine ilikaa kimya. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, akaushikilia mkono pale.

"Vizuri," alisema fundi, akianza kushuka. "Kinafanya kazi."